Vita vya Mbali Ndivyo Vyenye Mnara

Julai 1915, Waingereza walipokuwa wakiiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, miongoni mwa meli zao ilikuwamo moja kuukuu iitwayo Pioneer. Haikuwa ya Uingereza. Ilikuwa ya Australia. Mwaka uliofuata meli hiyo hiyo iliielekezea Dar es Salaam mizinga yake. Hadi leo inatajwa kuwa hakuna meli ya Australia iliyofyatua makombora mengi kuliko Pioneer katika Vita Kuu ya Kwanza, na makombora hayo yaliangukia pwani yetu.

Nchi yenye watu wasiofika milioni tano, iliyoungana kuwa shirikisho mwaka 1901 tu, ilikuwa na ugomvi gani na watu wa Rufiji? Haikuwa nao hata kidogo. Uingereza ilipotangaza vita tarehe 4 Agosti 1914, Australia ilihesabika imo vitani papo hapo, bila bunge lake kuulizwa. Siku chache kabla, Andrew Fisher, aliyekuwa akiwania uwaziri mkuu, alikwisha kuahidi kwamba nchi yake ingeitetea Uingereza hadi mtu wa mwisho na shilingi ya mwisho. Fisher alizaliwa Scotland, akaingia machimboni akiwa mtoto, akahamia Queensland ujanani. Aliyempokea kiti mwaka 1915, Billy Hughes, alizaliwa London katika familia yenye asili ya Wales. Waliotoa ahadi hizo walikuwa wahamiaji, na nchi waliyoahidi kuifia ndiyo waliyoihama.

Kwa mtu anayeishi pale walipozikwa babu na bibi zake, vita huanza na swali la mpaka: adui amefika wapi, amechoma nini, ameswaga ng'ombe wangapi. Mhamiaji ana swali linalotangulia hilo. Nikienda vitani, nitahesabiwa mtu wa wapi? Na nikikataa? Australia imekuwa ikilijibu swali hili kwa zaidi ya karne moja. Majibu yake yamejenga minara karibu katika kila mji mdogo wa nchi ile, minara ya vita vilivyopiganwa Uturuki, Ufaransa, Palestina na New Guinea. Vita vya kwanza vya bara lile, vilivyopiganwa juu ya ardhi yake yenyewe, vimebaki uani.

Tarehe 25 Aprili 1915 askari wa Australia na New Zealand walishushwa kwenye fukwe za Gallipoli. Miezi minane baadaye walihamishwa kimyakimya, wakiacha nyuma maiti za Waaustralia zaidi ya 8,000. Kijeshi, walishindwa. Waingereza waliokufa pale walikuwa wengi kuliko wao, na Waturuki mara kadhaa zaidi. Hata hivyo siku ile, Anzac Day, ndiyo Waaustralia wengi huiona kama siku taifa lao lilipozaliwa, na huiadhimisha kwa ibada za alfajiri. Sikukuu rasmi ya taifa ni tarehe 26 Januari, kumbukumbu ya meli za Waingereza kutia nanga Sydney mwaka 1788, lakini hiyo huja na ugomvi kila mwaka, kwa sababu wenyeji wa asili wengi huiita siku ya uvamizi. Tarehe 25 Aprili haina ugomvi wa namna hiyo. Nchi iliyovamiwa siku ile ni ya Waturuki.

Naamini jambo hili haliwezi kueleweka bila kukumbuka walowezi wale walikuwa nani. Kati ya mwaka 1788 na 1868 Uingereza ilisafirisha Australia wafungwa wapatao 160,000, na kwa vizazi kadhaa familia nyingi zilikuwa zikificha asili hiyo kama zinavyofichwa aibu nyingine za ukoo. Mjukuu wa mwizi wa kondoo alipokufa kwenye miamba ya Gallipoli bega kwa bega na mtoto wa lodi, ukoo mzima ulitakaswa. Hakuna aliyelisema hivyo waziwazi, ila kila nikisoma jinsi magazeti ya wakati ule yalivyoshangilia sifa zilizotoka London, naona furaha ya mtoto wa kambo aliyeitwa mezani.

Shujaa wa Gallipoli ambaye watoto wa shule hufundishwa ni John Simpson, aliyekuwa akibeba majeruhi kwa punda hadi alipouawa tarehe 19 Mei 1915, akiwa na umri wa miaka 22. Huyu ndiye sura ya Mwaustralia halisi. Sasa msome vizuri. Jina lake kamili ni John Simpson Kirkpatrick, mzaliwa wa South Shields, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa baharia aliyetoroka meli ya biashara baada ya kufika Australia mwaka 1910, akatangatanga kutafuta vibarua, na alipojiandikisha alilifuta jina la Kirkpatrick ili asijulikane kuwa mtoro. Barua zake kwa mama yake zaonyesha kwamba alitumaini jeshi lingemrudisha Uingereza. Meli zikaishia Misri, kisha Gallipoli. Kijana aliyekuwa akitafuta nauli ya kurudi kwao ndiye aliyefanywa mfano wa uzalendo wa nchi aliyotaka kuondoka.

Lakini si kila mhamiaji alitoka tumbo moja. Karibu mtu mmoja kati ya watano alikuwa Mkatoliki, na wengi wao walikuwa wa asili ya Ireland, watu waliokulia kwenye masimulizi ya njaa na kufukuzwa kwenye mashamba na makabaila wa Kiingereza. Aprili 1916 Dublin iliasi, na Waingereza wakawapiga risasi viongozi wa uasi. Miezi michache baadaye Hughes aliwataka wananchi wakubali, kwa kura ya maoni, vijana waandikishwe kwa lazima kwenda kupigana ng'ambo. Matokeo ya tarehe 28 Oktoba 1916 yalikuwa hapana 1,160,033 dhidi ya ndiyo 1,087,557. Chama cha Labor kikapasuka, na waziri mkuu akajikuta nje ya chama chake. Alirudia tena tarehe 20 Desemba 1917, akashindwa kwa tofauti kubwa zaidi.

Sauti kubwa ya upinzani ilikuwa ya Daniel Mannix, mzaliwa wa County Cork aliyefika Melbourne mwaka 1913 na kuwa Askofu Mkuu mwaka 1917. Aliviita vita vile vita vya kibiashara, na wakubwa hawakumsamehe. Mwaka 1920 alipokuwa safarini kwenda Ireland, serikali ya Uingereza ilituma manowari imtoe kwenye meli ya abiria ili asikanyage nchi aliyozaliwa. Manowari nzima kwa ajili ya askofu mmoja! Hughes naye alikuwa na yake. Novemba 1917, katika stesheni ya Warwick, Queensland, alirushiwa yai viza wakati wa kampeni. Akamwamuru askari polisi wa jimbo amkamate mhusika kwa sheria ya shirikisho, askari akajibu kwamba yeye anatambua sheria ya Queensland tu. Muda mfupi baadaye Hughes aliunda polisi wa shirikisho.

Itakuwa makosa kuwatwika Waairishi peke yao matokeo yale. Wakatoliki walijiandikisha jeshini kwa kiwango kisichopungua sana idadi yao katika nchi. Miongoni mwa waliopiga kura ya hapana walikuwamo pia wakulima waliohitaji mikono shambani, akina mama waliokwisha kutoa wana wa kutosha, na wafanyakazi wa vyama ambao hofu yao haikuwa safi hata kidogo: walidhani wenye viwanda wangejaza nafasi za askari kwa vibarua wa rangi nyingine. Wiki zile zile za kampeni ya 1916 meli ya Kifaransa Gange ilikaribia ikiwa na Wamalta 214, raia wa himaya ya Uingereza waliokuja kutafuta kazi. Serikali ikaogopa kupoteza kura. Sheria ya uhamiaji ya 1901 iliruhusu kumpa mgeni imla katika lugha yoyote ya Ulaya atakayoichagua ofisa, na Wamalta wale walipewa imla ya Kiholanzi. Wakashindwa, wakageuzwa njia. Nchi iliyokuwa ikiwaomba vijana wafe kwa ajili ya himaya iliwafungia mlango watu wa himaya ile ile.

Waliozaliwa upande wa adui waliona mengi zaidi. Karibu watu 7,000 walitiwa kwenye kambi za kizuizi, wengi wao Wajerumani waliokuwa wakiishi nchini kwa miaka. Jimbo la South Australia, ambako Wajerumani Walutheri walianza kulima tangu miaka ya 1830, lilifuta kwa sheria majina 69 ya Kijerumani kwenye ramani. Katika kura ya 1917, raia wengi wenye asili ya nchi za adui walinyimwa haki ya kupiga kura kabisa. Na wakati majirani zao wakikamatwa, kiongozi wa jeshi lote la Australia huko Ufaransa mwaka 1918 alikuwa John Monash, mtoto wa Wayahudi kutoka Prussia waliozungumza Kijerumani nyumbani. Charles Bean, mwandishi wa habari aliyekuja kuwa mwanahistoria rasmi wa vita vile na ambaye wazo la Jumba la Kumbukumbu ya Vita la Canberra lilikuwa lake, alikula njama Monash asipewe cheo. Akapewa, akashinda, na leo chuo kikuu kina jina lake.

Kuna kisa kimoja ambacho huwa hakipati mahali pa kukaa katika masimulizi haya. Tarehe 1 Januari 1915, nje ya mji wa machimbo wa Broken Hill, wanaume wawili waliifyatulia risasi treni iliyobeba watu waliokuwa wakienda mandari. Wanne waliuawa. Washambuliaji walikuwa Gool Mohammed, aliyekuwa akiuza aiskrimu, na Mullah Abdullah, imamu na mchinjaji wa waendesha ngamia waliotoka Afghanistan na mipaka ya India, ambaye muda mfupi kabla alikuwa ametiwa hatiani kwa kuchinja nje ya mahali palipoidhinishwa. Walifika na mkokoteni wa aiskrimu uliopeperusha bendera ya Uturuki, na wote wawili wakauawa. Usiku ule umati wenye hasira ulikwenda kuchoma klabu ya Wajerumani, ambao hawakuhusika kwa lolote. Siwatetei wauaji. Ila watu wale waliishi pembezoni mwa nchi ambayo ngamia wao ndio walioijengea njia, na vita vilipokuja walichagua bendera kwa kipimo kile kile cha Fisher na Hughes: nani ni wetu ng'ambo.

Ng'ambo kidogo, New Zealand, iko picha inayotoa mwanga. Huko kuandikishwa kwa lazima kulipitishwa mwaka 1916, na mwaka uliofuata sheria ikawafikia Wamaori wa Waikato. Hao ndio ambao ardhi yao kubwa ilinyang'anywa baada ya vita vya miaka ya 1860. Te Puea Hērangi, mwanamke wa ukoo wa mfalme wao, aliwakusanya vijana na kuwahimiza wakatae. Anakumbukwa kwa jibu lenye maana hii: mnatuambia tukapigane kwa ajili ya mfalme na nchi, mfalme tunaye wetu, nchi hatuna. Polisi waliwachukua vijana mmoja mmoja, wakawafunga. Sijaona katika vita vile jibu fupi kuliko hilo juu ya uhusiano wa ukoloni na uzalendo. Na New Zealand, ambayo walowezi wake ni wale wale na Gallipoli yake ni ile ile, leo inayo siku ya kitaifa ya kukumbuka vita vya walowezi na Wamaori. Naona sababu moja kubwa: ina Mkataba wa Waitangi wa 1840. Karatasi ile, pamoja na ulaghai wote uliofuata, inakiri kwamba kulikuwa na wenyewe.

Australia haina karatasi ya aina hiyo. Kisheria ardhi ilihesabiwa kuwa haikuwa na mwenyewe, hadi Mahakama Kuu ilipoikataa hoja hiyo katika kesi ya Mabo tarehe 3 Juni 1992. Fuata mantiki yake: ardhi isiyo na mtu haiwezi kutekwa, na pasipo kutekwa hapana vita. Basi waliouawa walikuwa nini? Wahalifu, wezi wa ng'ombe, au ajali. Pemulwuy aliwapiga Waingereza pembezoni mwa Sydney kwa takribani miaka kumi na miwili, hadi alipopigwa risasi mwaka 1802. Mwaka 1830 gavana wa Tasmania alipanga zaidi ya wanaume 2,000 wakavuka kisiwa kwa mstari kuwaswaga wenyeji kama wawindaji waswagavyo swala. Mwaka 1838, Myall Creek, wafugaji waliwaua wenyeji wasiopungua 28, wengi wao wanawake, watoto na wazee; kwa mara moja adimu wauaji saba walinyongwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle ulioongozwa na Lyndall Ryan umeweka kwenye ramani mauaji ya halaiki zaidi ya 400. Queensland ilikuwa na kikosi cha polisi wenyeji, waliochukuliwa sehemu za mbali na kuongozwa na maofisa wazungu kwenda kuua watu wasiowajua. Msomaji wa Songea au Kilwa hahitaji kuelezwa zaidi jinsi kikosi cha aina hiyo kinavyofanya kazi.

Hatuna haki ya kuwacheka Waaustralia. Katikati ya Dar es Salaam imesimama sanamu ya Askari, iliyowekwa na Waingereza mwaka 1927. Wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu wakibeba shehena za vita vile wameachiwa jina la soko la Kariakoo. Lakini Songea kuna jumba la makumbusho ya Maji Maji, na kila Februari watu hukusanyika kuwakumbuka walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Tulijikumbusha vita vya nyumbani kwetu kwa sababu kuvikumbuka hakukumtishia mtu shamba lake. Kule, kila ekari ina swali.

Wahamiaji wapya waliingia katikati ya mambo haya. Baada ya Singapore, ngome ya Waingereza, kutekwa na Wajapani Februari 1942 na Darwin kupigwa mabomu siku nne baadaye, Australia iligundua kwamba mama Uingereza hawezi tena kuilinda, ikahamia mgongoni kwa Marekani, na kwa njia hiyo ikafika Vietnam, ambako zaidi ya askari 500 wa Australia walikufa. Vita vilipokwisha, wakimbizi wa Kivietnam wakafika Darwin kwa mashua mwaka 1976. Kabla yao, kati ya 1947 na 1952, walikwisha kuja Wazungu wapatao 170,000 waliopoteza makwao, Wapolandi, Walatvia, Waukraine, wengi wakichukia ukomunisti kuliko Mwaustralia yeyote wa kuzaliwa. Kila kundi lilikuja na vita vyake. Sensa ya 2021 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wakazi walizaliwa nje au wana mzazi aliyezaliwa nje. Wamo Wakongo na Warundi waliopita kambini Tanzania na ambao Kiswahili ndicho lugha ya jikoni kwao.

Hawa wote hukaribishwa kwenye Anzac Day kwa sharti ambalo halikuandikwa: walie vilio vya wenye nyumba. Askari wa zamani wa Vietnam Kusini huandamana. Wazao wa Waturuki, adui wa Gallipoli, nao wamekaribishwa kuandamana Melbourne, na ni jambo jema. Lakini mwaka 2017 Yassmin Abdel-Magied, mwandishi na mtangazaji aliyezaliwa Khartoum, aliandika mtandaoni siku ile maneno machache akiwakumbuka wakimbizi waliozuiliwa na Australia katika visiwa vya Manus na Nauru, na watu wa Syria na Palestina. Aliyafuta upesi na kuomba radhi. Haikusaidia, alishambuliwa na wanasiasa na magazeti kwa miezi, akahamia London. Alikuwa raia, alisomea uhandisi huko, alikulia huko. Ukweli ni kwamba alikumbuka wafu wasiohusika. Hapo ndipo unapoona uraia wa mhamiaji unavyopimwa, na Simpson, mtoro wa South Shields, hakuwahi kupimwa hivyo.

Jumba la Kumbukumbu ya Vita la Canberra lilifunguliwa tarehe 11 Novemba 1941 na sasa linapanuliwa kwa zaidi ya dola milioni 500 za Australia. Mwaka 2022 baraza lake lilisema litaongeza nafasi ya kuonyesha ukatili uliotendwa kwa wenyeji wa asili. Wanaopinga husema jumba lile ni la waliotumikia majeshi ya Australia, na kwamba mauaji yale yalifanywa na polisi, wafugaji na askari wa Uingereza. Hoja hiyo haisimami. Jumba lile linao askari waliopelekwa Sudan na koloni la New South Wales mwaka 1885 na waliokwenda kupigana na Makaburu kuanzia 1899, wakati Australia kama dola haikuwapo. Kama koloni linaweza kukumbukwa kwa kupigana Sudan, linaweza kukumbukwa kwa kupigana kwenye ardhi liliyosimama juu yake.

Na kama wanataka askari wa Anzac, yupo. Mwaka 1928, baada ya mzungu mmoja kuuawa karibu na Coniston, katikati ya bara, konstebo George Murray aliongoza misafara iliyowaua Wawarlpiri na majirani zao kwa wiki kadhaa. Hesabu rasmi ni 31. Wazao wao husema ni wengi zaidi. Tume ya serikali ilimsafisha. Murray alikuwa amepigana Gallipoli. Mwaka 2018, miaka tisini baadaye, mkuu wa polisi wa Northern Territory aliomba radhi kwa mauaji yale, kwa hiyo hata dola haibishi tena kilichotokea. Oktoba 2023 wapiga kura wapatao asilimia 60 walikataa kuwapa wenyeji wa asili chombo cha kikatiba cha kulishauri bunge, na wapo wanaochukulia kura ile kuwa ruhusa ya kunyamaza. Si ruhusa. Baraza la Canberra lina fedha, lina ushahidi, lina ahadi lililoitoa lenyewe. Liwaweke wafu wa Coniston katika jumba lile lile linalomkumbuka, kama askari wa Gallipoli, mtu aliyewaua, na liwaite kwa jina lao: waliouawa vitani, nchini mwao.